Siri ya Nani, na Dhidi ya Nani? Uhakiki wa Kitabu cha Moynihan juu ya Siri za Dola ya Marekani

Utangulizi

Katika madarasa ya elimu ya siasa swali la siri za dola hujitokeza kila mara, na majibu yake huwa mawili. Wako wanaosema kwamba dola yenye maadui haina budi kufunga milango yake, na kwamba anayeuliza kilichomo ndani ama ni adui ama anatumiwa na adui. Wako pia wanaosema kwamba siri zote ni hila za watawala, na kwamba serikali ya watu haina la kuwaficha watu. Majibu yote mawili ni mepesi. Yanaizungumzia siri kana kwamba ni kitu kimoja, wala hayaulizi ni nani aliyefungiwa nje na ufunguo umo mikononi mwa nani.

Kitabu tunachokihakiki hapa kinatusaidia kulikwamua swali hilo. Kiliandikwa na Daniel Patrick Moynihan, aliyekuwa Seneta wa New York kuanzia mwaka 1977 hadi 2001, nacho kilichapishwa mwaka 1998 kwa jina la Secrecy. Mwandishi huyu hakuwa mpinzani wa dola ya Marekani. Alikuwa mtumishi wake: alipata kuwa balozi nchini India na katika Umoja wa Mataifa, na pia makamu mwenyekiti wa Kamati ya Ujasusi ya Seneti. Baadaye aliongoza tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 ili ichunguze utaratibu mzima wa siri za serikali, na taarifa ya tume hiyo ilitolewa Machi 1997. Kitabu hiki ni tunda la kazi hiyo. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata, na Moynihan alikuwa kata iliyozama mtungini mara nyingi. Kwa hiyo ushahidi wake una uzito ambao hatuwezi kuupata kwa mtu aliyesimama nje ya nyumba.

Hoja yetu ni hii. Moynihan ameutambua barabara ugonjwa mmoja wa dola ile, nao ni wingi wa mihuri ya siri. Lakini uko ugonjwa wa pili, ufinyu wa mlango wa kuingilia katika siri za juu kabisa, na huo hakuupa uzito unaoustahili, ingawa uliwahi kumpata yeye mwenyewe. Magonjwa haya mawili si mamoja. Dawa ya wa kwanza haimtibu mgonjwa wa pili.

Ngazi za siri

Kabla ya kuingia katika hoja za mwandishi, yafaa tueleze jinsi utaratibu wenyewe unavyofanya kazi, kwa maana wengi huuzungumzia bila kuufahamu.

Nchini Marekani siri nyingi za serikali hazikuwekwa kwa sheria za Bunge bali kwa amri za Marais. Mwaka 1951 Rais Truman alitoa amri iliyoueneza utaratibu wa siri za kijeshi hadi katika idara za kiraia. Eisenhower alitoa amri yake mwaka 1953, na Marais kadha waliofuata waliibadilisha kila mmoja kwa namna yake, mpaka ile ya Obama ya Desemba 2009. Amri hiyo iliziweka nyaraka katika ngazi tatu: ya chini, ya kati, na ya siri kuu. Kipimo ni madhara. Je, waraka huu ukitoka nje usalama wa taifa utapata madhara, madhara makubwa, au madhara makubwa kupita kiasi? Siri za silaha za atomiki zina mlinzi wa peke yake. Hizo hulindwa na sheria ya Bunge ya mwaka 1946, iliyofanywa upya mwaka 1954, na habari za namna hiyo huhesabiwa kuwa siri tangu zinapozaliwa, hata kabla mtu yeyote hajazipiga muhuri.

Mtu hawezi kuuona waraka wa siri mpaka atimize masharti matatu. Kwanza, maisha yake yachunguzwe, yaani madeni yake, jamaa zake, safari zake na mwenendo wake, kisha apewe kibali. Pili, atie sahihi hati ya kuahidi kwamba hatatoa alichokiona. Tatu, awe na haja ya kuujua waraka huo kwa ajili ya kazi yake. Kwa hiyo kibali peke yake hakifungui kabati lolote. Afisa mwenye kibali cha ngazi ya juu anaweza kukaa meza moja na mwenzake mwenye kibali kama hicho, na kila mmoja asijue mwenzake anashughulikia nini.

Juu ya ngazi hizo tatu viko vyumba ndani ya vyumba. Hii ni mipango maalumu, ambayo kila mmoja una orodha yake ya majina ya wanaoruhusiwa na masharti yake ya kuingia. Mipango ya namna hiyo katika Wizara ya Ulinzi iko ya aina tatu. Iko ambayo serikali inakubali kwamba ipo, ila inaficha yaliyomo. Iko ambayo hata kuwapo kwake hakukubaliwi hadharani. Na iko ambayo Waziri wa Ulinzi ameiondoa katika taarifa ambazo kamati za Bunge hupelekewa kwa kawaida. Habari za aina hii ya tatu hupewa mwenyekiti na kiongozi wa upande wa wachache katika kila moja ya kamati nne zinazosimamia majeshi na fedha zake, yaani watu 8. Vivyo hivyo, Rais akiona kwamba operesheni fulani ya kichinichini katika nchi ya nje ni nyeti mno, sheria inamruhusu awaarifu watu 8 tu: viongozi wanne wa mabaraza mawili ya Bunge na wakuu wanne wa kamati za ujasusi.

Tuiweke tarakimu hiyo akilini, kisha tuitazame nyingine. Mwaka 2013 serikali ya Marekani ilieleza kwamba watu zaidi ya milioni 5 walikuwa wamehesabiwa kuwa wanastahili kuziona siri za serikali, wakiwamo waajiriwa wa makampuni binafsi. Mwaka huo huo mmoja wa waajiriwa hao, Edward Snowden, alitoroka na siri nyingi za idara inayosikiliza mawasiliano ya dunia. Mwaka 2023 alikamatwa askari wa akiba wa jeshi la anga, kijana wa miaka 21, kwa kuzisambaza nyaraka za siri kuu miongoni mwa rafiki zake wa mtandaoni.

Basi mlango wa watendaji ni mpana kiasi cha kupitisha mamilioni, na mlango wa wasimamizi, pale penye mambo mazito zaidi, unapitisha watu 8. Nadharia yoyote juu ya siri za dola ile isiyoweza kuueleza mgongano huu ina upungufu.

Alichokiona Moynihan

Hoja ya msingi ya Moynihan ni nzuri, na makada wanapaswa kuielewa. Anasema kwamba siri ni aina ya kanuni za serikali. Serikali hutunga kanuni za viwanda, za barabara na za madawa, na raia huzisoma kanuni hizo, akazitii au akazipinga mahakamani. Siri nayo ni kanuni, maana inaamua raia ajue nini na asijue nini. Tofauti ni kwamba raia haonyeshwi kanuni hiyo imefunika kitu gani, na asichokijua hawezi kukipinga.

Kisha anamfuata mwanazuoni wa Kijerumani Max Weber, aliyeonyesha kwamba kila idara ya watumishi hupenda kujiongezea nguvu kwa kukificha inachokijua. Hivyo habari hugeuka kuwa mali ya idara. Idara moja hubadilishana habari na nyingine kama wachuuzi sokoni, na yenye bidhaa adimu ndiyo yenye sauti mbele ya Rais. Karani akiwa na shaka hupiga muhuri, kwa sababu hakuna anayeadhibiwa kwa kuficha kupita kiasi, lakini anayetoa kupita kiasi hufungwa. Haya ndiyo maelezo sahihi ya umangimeza, na mtu yeyote aliyepata kufanya kazi katika ofisi ya serikali, ya nchi yoyote, atayatambua.

Mfano wake mkubwa ni kazi iliyojulikana kwa jina la Venona. Mwaka 1943 jeshi la Marekani lilianza kujaribu kuufumbua ujumbe wa mafumbo uliokuwa ukitumwa Moscow na watumishi wa ujasusi wa Kisovieti. Baada ya vita kazi hiyo ilianza kuzaa matunda, na ikawafichua Wamarekani kadha waliokuwa wakiutumikia ujasusi huo. Habari hizo zilifichwa mpaka Julai 1995. Zilifichwa dhidi ya nani? Wasovieti walikwisha kupata habari zamani. Mfanyakazi mmoja wa ofisi ile ile, William Weisband, aliwapelekea. Kim Philby, jasusi wao aliyekuwa amejipenyeza katika ujasusi wa Uingereza, alielezwa juu ya kazi hiyo alipotumwa Washington mwaka 1949, kwa kuwa alionekana ni mshirika mwaminifu. Kikulacho ki nguoni mwako. Waliobaki gizani kwa zaidi ya miaka 40 ni wananchi wa Marekani wenyewe. Katika miaka hiyo nchi yao iliendesha msako mkubwa wa wakomunisti, watu wakafukuzwa kazi kwa tuhuma, na ushahidi ambao ungeweza kuzithibitisha baadhi ya tuhuma na kuzipunguzia nguvu nyingine ulikuwa umefungiwa kabatini. Moynihan anadai kwamba hata Rais Truman hakuambiwa juu ya Venona, kwa uamuzi wa wakuu wa jeshi. Wanahistoria wengine wanalipinga dai hilo, nasi hatulijengei hoja yetu, maana hoja inasimama bila hilo.

Mfano mwingine unaounga mkono upande huu ni ule wa nyaraka za vita vya Vietnam. Juni 1971 gazeti la New York Times lilianza kuchapa historia ya siri ya vita hivyo, iliyoandikwa ndani ya Wizara ya Ulinzi yenyewe katika kurasa zipatazo 7,000. Serikali ilikwenda mahakamani kuzuia, ikidai kwamba usalama wa taifa utadhurika vibaya, na ikashindwa. Wakili wake katika Mahakama ya Juu alikuwa Erwin Griswold. Mwaka 1989 wakili huyo huyo aliandika gazetini kwamba hajapata kuona dalili yoyote ya madhara yaliyotokana na kuchapwa kwa nyaraka zile. Aliongeza kwamba, kwa aliyeujua utaratibu huo, ni dhahiri kuwa mara nyingi kinachowasumbua wapiga mihuri ni aibu ya serikali kuliko usalama wa taifa.

Mpaka hapa tuko pamoja na Moynihan.

Mlango mfinyu haukutengenezwa na karani

Tunaachana naye anapoifanya siri kuwa hasa ni tabia ya watumishi, desturi iliyoota mizizi katika ofisi. Maelezo hayo yanatosha kwa wingi wa mihuri. Hayatoshi kwa mipango ya juu kabisa, kwa sababu mlango wa huko haukuwa mfinyu kwa mazoea ya makarani. Ulifanywa mfinyu kwa uamuzi wa wakubwa, kwa makusudi, na kwa faida maalumu.

Kalibu ya mipango hiyo ni mradi wa bomu la atomiki wa miaka ya vita. Jenerali Leslie Groves, aliyeuongoza, aliigawanya kazi vipande vipande ili kila mtu akijue cha kwake tu. Mradi ulifikia kuwa na watu wapatao 125,000 kwa wakati mmoja, ukatumia dola zipatazo bilioni 2. Katika mji wa Oak Ridge, Tennessee, wasichana walikaa mbele ya mitambo wakigeuza vishikio kufuata mwendo wa mishale, bila kujua kwamba wanatenganisha urani ya bomu.

Wakati huo Harry Truman alikuwa Seneta, mwenyekiti wa kamati iliyochunguza matumizi ya fedha za vita. Mwaka 1943, kamati yake ilipoanza kuuliza juu ya kiwanda kikubwa kilichokuwa kikijengwa katika jimbo la Washington, Waziri wa Vita Henry Stimson alimwomba aache, naye akaacha. Januari 1945 akawa Makamu wa Rais, na bado hakufunuliwa jambo lenyewe. Roosevelt alifariki tarehe 12 Aprili 1945. Jioni ile Stimson alimdokezea tu Rais mpya, na maelezo kamili alipewa tarehe 25 Aprili. Lakini Klaus Fuchs, mwanasayansi aliyekuwa ndani ya mradi, alikwisha kuwapelekea Wasovieti siri zake. Tarehe 24 Julai 1945, huko Potsdam, Truman alipomdokezea Stalin kwamba Marekani ina silaha mpya yenye nguvu isiyo ya kawaida, Stalin hakushangaa. Alikuwa amepata habari za mradi ule kabla ya Truman.

Vita dhidi ya Hitler vilihitaji siri, na hatuna ugomvi na hilo. Tunachosisitiza ni kwamba vita vilikwisha na kalibu ikabaki. Fedha nyingi za umma, kazi iliyogawanywa vipande, na msimamizi aliyechaguliwa na watu anayeambiwa asiulize: hayo yote yaliingia katika maisha ya amani. Wala hayakuingizwa na makarani wenye woga.

Mlango wa mahakama

Tarehe 6 Oktoba 1948 ndege ya kijeshi ya aina ya B-29, iliyokuwa ikijaribia mitambo ya siri, ilianguka karibu na Waycross, Georgia. Kati ya watu 13 waliokuwamo walikufa 9. Wajane wa mafundi watatu wa kiraia waliishitaki serikali, wakaomba waonyeshwe taarifa ya uchunguzi wa ajali. Serikali ilikataa, ikasema ina siri za taifa. Kesi hiyo, iitwayo ya Reynolds, ilifika Mahakama ya Juu, na mwezi Machi 1953 majaji 6 dhidi ya 3 waliipa serikali ushindi. Jambo la kutazamwa na mwanafunzi wa siasa ni hili: Mahakama ile haikuisoma taarifa iliyokuwa ikigombaniwa. Ilitosheka na neno la serikali, ambayo ndiyo iliyokuwa imeshitakiwa. Tangu hapo kesi hiyo imekuwa nguzo ya kuzuilia mashitaka yanayogusa mipango ya siri.

Miaka ilipita, taarifa ile ikaondolewa muhuri, na mwaka 2000 mtoto wa mmoja wa marehemu aliipata. Haikueleza jinsi mitambo ya siri ilivyofanya kazi. Ilieleza kwamba injini ilishika moto, na kwamba vikinga-joto vilivyokuwa vimeagizwa viwekwe kwenye ndege za aina hiyo havikuwa vimewekwa. Yaani ilieleza uzembe. Familia zilirudi mahakamani. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ilikataa kulifungua shauri upya, na mwaka 2005 mahakama ya rufani ilisema kwamba hapakuthibitika udanganyifu, maana habari zile zingeweza kuwa na maana kwa adui kwa hali ya wakati ule.

Tunaweza kuikubali hukumu hiyo ya mwaka 2005 na bado swali letu likabaki palepale. Jaji angeweza kuisoma taarifa ile peke yake, chumbani mwake, bila ya wajane wala magazeti kuiona. Njia hiyo isingempa adui hata neno moja. Haikufuatwa. Basi mlango haukufungwa dhidi ya adui, ulifungwa dhidi ya mwamuzi.

Damu ya Lumumba katika mizani

Upungufu wa pili wa kitabu ni mizani yake. Mifano ambayo Moynihan anaitegemea zaidi inapima hasara iliyoipata Marekani yenyewe: viongozi waliokosa habari, uchumi wa Kisovieti uliokadiriwa vibaya, raia waliokosa imani na serikali yao. Hasara hizo ni za kweli. Lakini mipango ya siri kuu ya dola kubwa huwa na mtu upande wa pili, na mtu huyo mara nyingi si raia wa nchi iliyoipanga.

Sisi wa Afrika hatuhitaji kwenda mbali. Mwaka 1975 Seneti ya Marekani iliunda kamati ya kuchunguza vyombo vya ujasusi, mwenyekiti akiwa Frank Church. Novemba mwaka huo, ingawa serikali ya Rais Ford ilitaka taarifa ibaki siri, kamati iliitoa hadharani. Ilieleza kwamba mwaka 1960 wakuu wa CIA walipanga kumwua Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa Kongo, na kwamba Septemba mwaka huo mtaalamu wao Sidney Gottlieb alipeleka sumu Léopoldville, mji uitwao leo Kinshasa. Sumu haikutumika. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, mikononi mwa Wakatanga na maafisa wa Kibelgiji, na kamati haikupata ushahidi kwamba CIA ilihusika katika mauaji yenyewe. Mwaka 2002 serikali ya Ubelgiji iliomba radhi kwa sehemu ya nchi yake katika kifo hicho.

Kamati ilijaribu kujua ni nani aliyeitoa amri ya sumu ile. Mwandishi wa kumbukumbu za mkutano wa Agosti 1960 alishuhudia kwamba alimsikia Rais Eisenhower akitamka maneno aliyoyaelewa kuwa ni amri ya kuua, na wengine waliokuwapo walikana. Kamati haikuweza kukata shauri. Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Utaratibu wa kazi za kichinichini ulikuwa umejengwa ili Rais aweze kukana: maagizo yalitolewa kwa mafumbo, hayakuandikwa, na waliojua walikuwa wachache mno. Hapa siri haikuwa na lengo la kumzuia adui asijue. Lumumba na wenzake walijua vizuri kwamba wanawindwa. Lengo lilikuwa asipatikane wa kuulizwa.

Jambo hili haliwezi kuelezwa kwa umangimeza. Karani anayepiga muhuri kwa woga huacha karatasi nyuma yake, na aliyepanga sumu ile alijali kwamba karatasi isiwepo.

Aliyeambiwa amefungwa mdomo

Mtetezi wa utaratibu atasema kwamba tangu taarifa ya Kamati ya Church mambo yamebadilika, maana kamati za kudumu za ujasusi ziliundwa Bungeni. Ni kweli, na tusilidharau badiliko hilo. Lakini tutazame watu 8 wanavyosimamia.

Mwaka 1984 ilifahamika kwamba CIA ilikuwa imeshiriki kutega mabomu katika bandari za Nikaragua. Moynihan, wakati huo makamu mwenyekiti wa Kamati ya Ujasusi ya Seneti, aliona kwamba kamati yake haikuarifiwa sawasawa. Alitangaza kujiuzulu wadhifa huo, akaubatilisha uamuzi baada ya mkuu wa CIA, William Casey, kuomba radhi. Mwandishi wetu, basi, aliwahi kubamizwa mlango usoni, na asiyekuwa na cheo chake asingeombwa hata radhi. Tungetazamia kwamba tukio kama hilo lingekuwa nguzo ya hoja yake. Badala yake nguzo ni makarani.

Mfano wa baadaye unaeleza zaidi. Baada ya mashambulio ya Septemba 2001 serikali ya Rais Bush ilianza kusikiliza mawasiliano ya watu waliokuwa ndani ya Marekani bila kibali cha mahakama. Wabunge wachache waliarifiwa. Mmoja wao, Seneta Jay Rockefeller, alimwandikia Makamu wa Rais Dick Cheney tarehe 17 Julai 2003, kwa mkono wake mwenyewe. Alieleza kwamba yeye si fundi wala si mwanasheria, na kwamba kwa kuwa haruhusiwi kushauriana na wasaidizi wala wanasheria hawezi kuupima mpango huo, seuze kuuidhinisha. Nakala ya barua aliifunga katika bahasha akaiweka. Wananchi walizijua habari hizo Desemba 2005, kwa njia ya gazeti.

Tuutafakari usimamizi wa namna hiyo. Msimamizi anaambiwa jambo na yule anayesimamiwa, kwa kiasi anachopenda kuambiwa. Hawezi kuuliza mtaalamu, hawezi kuwaeleza wenzake waliomchagua katika kamati, hawezi kulipeleka Bungeni. Mambo yakiharibika, serikali itasema, "Mbona ulijua?" Hivyo kuarifiwa kunageuka kuwa kamba. Mlango haukufunguliwa ili aone, ulifunguliwa ili ashirikishwe katika lawama.

Je, huu ni ugonjwa wa mabepari peke yao?

Itakuwa rahisi kwa msomaji kuhitimisha kwamba haya yote ni tabia ya ubeberu, na kufunga kitabu. Hiyo itakuwa nadharia ya kujifariji. Mwezi Septemba 1957 tangi la takataka za atomiki lililipuka katika kiwanda cha siri cha Mayak, milima ya Ural, nchini Urusi. Sumu yake ilienea katika eneo kubwa, wanavijiji wakahamishwa bila kuelezwa sababu. Serikali ya Kisovieti ilikiri hadharani mwaka 1989, zaidi ya miaka 30 baadaye. Dola ile ilijiita ya wafanyakazi na wakulima, na waliofichwa walikuwa wafanyakazi na wakulima waliokuwa wakinywa maji ya mito ile.

Kwa hiyo haitoshi kuuliza dola ni ya tabaka gani. Lazima tuulize pia ni nani, aliye nje ya mnyororo wa amri, mwenye ufunguo wa kuingia. Kada anayefanya kazi kijijini ameyaona haya kwa udogo wake: kiongozi asiyetaka kusoma mapato na matumizi mbele ya mkutano husema ni siri za ofisi.

Siri halali na siri isiyo halali

Hatusemi kwamba dola iishi bila siri. Mwaka 1944 Washirika waliificha siku na pwani watakayoshukia Normandy, na siri hiyo iliokoa maisha ya maelfu ya askari. Majina ya wapelelezi, mafumbo ya mawasiliano, ubunifu wa silaha: mwenye akili hatadai vitundikwe ukutani. Lakini siri ya Normandy ilikuwa na sifa mbili. Ilielekezwa kwa adui, na ilikufa yenyewe asubuhi ya tarehe 6 Juni.

Kutokana na mifano tuliyoipitia tunapata vipimo vitatu. Kwanza, aliyefungiwa nje ni adui, au ni mwenye mali? Pili, yuko mtu asiyeteuliwa wala kuamriwa na mwenye mpango, anayeweza kuingia, kusoma kila kitu, kuita mtaalamu na kusema hapana? Tatu, siri hiyo ina siku ya kufa? Tume ya Moynihan ilikishughulikia vizuri kipimo cha tatu. Ilitaka misingi ya siri iwekwe kwa sheria badala ya amri za Marais, na muda wa siri uwe na kikomo. Bunge halikuipitisha sheria hiyo. Lakini hata kama ingepitishwa, wajane wa Waycross wangekuta jaji yule yule asiyesoma, na Seneta Rockefeller angeandika barua ile ile kwa mkono.

Hukumu yetu, basi, ni kwamba kitabu hiki kisomwe, na kisomwe kwa kukamilishwa. Vikundi vya mafunzo vitakavyokitumia viisome sura ya Venona pamoja na taarifa ya Kamati ya Church juu ya Kongo, na pamoja na hukumu ya Reynolds. Mwanafunzi akiyaweka yote matatu mezani ataona kwamba kupunguza mihuri ni kazi ya usafi wa ofisi, nayo ni kazi njema. Kuupanua mlango wa msimamizi ni kazi ya siasa, na haitafanywa na wale wanaofaidika na ufinyu wake.